Siku Mpira Uliposogea kwa Mama Mkwe

Wenzangu wa uwanjani, salamu.

Siku ya kuniaga mlinifunga khanga mabegani, mkanipigia vigelegele, kisha yule mwenye maneno mengi kuliko wote (anajijua) akasema, "Mama Zena, tuandikie uliyoyaona, tusianze moja." Nilicheka, nikadhani yamekwisha. Sasa nipo nyumbani hapa Mikumi. Kila alfajiri naamka, nafunga kilemba, natafuta viatu vya mpira, ndipo nakumbuka kwamba hakuna majani yanayonisubiri. Bora niandike. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Mwenye hamu nayo akaulize ofisini, faili langu lipo, kama panya hawajalitangulia.

Nilizaliwa Kisanga, kwa watu wa mahindi na mpunga. Nilipokwenda kutafuta kibarua kwenye shamba kubwa la miwa kule upande wa Kidodi, niliambiwa kuna kazi ya majani, nami nikaenda na jembe. Uwanja wa gofu sikuwahi kuuona wala kuusikia. Kwenye mlango wa stoo nilimkuta mzee mrefu, mkavu, kavaa kofia ya ukindu, ananoa kisu cha mashine kwa tupa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo jembe la nini?"

"Nimeambiwa kuna kazi ya majani."

Akanitazama mimi, akalitazama jembe. "Hapa majani hayalimwi, binti. Hapa yananyolewa. Lirudishe hilo kabla hujamtia mtu presha."

Huyo alikuwa Mzee Komba. Babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge Kilosa, akazeekea hapo, na mjukuu akaangukia kwenye majani ya Wazungu, kama alivyokuwa akisema mwenyewe. Ndiye aliyenifundisha kila kitu nilichowafundisha ninyi. Nikiwakaripia, mjue ni yeye anakaripia kwa mdomo wangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutembea na mwanzi. Asubuhi kabla jua halijapanda unashika mwanzi mrefu, unaupitisha juu ya grini, pale kwenye majani mafupi kabisa yanayozunguka shimo, ukienda kulia na kushoto kama mtu anayefukuza nzi kwenye kitanda cha mgonjwa. Umande unaanguka. Ukiuacha, ukungu unaingia, na wiki ijayo una mabaka kama ya upele. Watu wa Kisanga walipopita barabarani wakaniona, walipeleka habari kwa mama yangu kwamba nimepata kazi ya kuchapa majani. Mama akauliza, "Yamekosa nini?"

Baada ya mwanzi ukaja mkato wa shimo. Mnakijua kile chuma cha duara. Mnakizungusha, kinashuka, kinatoka na kipande cha udongo kizima na majani yake juu. Mzee Komba hakuniruhusu kukigusa mpaka nijifunze kukinoa. Alikuwa na neno lake: usinoe kitu chochote ukiwa na hasira, utapunguza chuma na hasira itabaki. Nimelithibitisha mara nyingi.

Na mnaujua uwanja jinsi ulivyokuwa, nyie wakubwa kidogo. Wadogo mmeukuta umekatwa nusu, kwa hiyo niwaeleze. Mashimo tisa ya juu, haya mnayoyatunza sasa, yalikuwa yale mapole. Tisa ya chini yalikwenda na mto. Kila kitu kule kiliinama kuelekea mtoni hata pale macho yalipokwambia kinainama upande mwingine. Mchana upepo ulishuka kutoka milima ya Vidunda bila hodi, ukakusanya mipira hewani na kuipeleka unakotaka wenyewe. Shimo la mwisho lilikuwa na dimbwi mbele yake, na grini yake ilikuwa juu ya kimwinuko kidogo, mgongo umebetuka. Wachezaji waliliita Mama Mkwe. Ulilikaribia kwa adabu zote, ukaondoka umeaibika.

Kazi ngumu hazikuwa chache. Viboko walitoka mtoni na kupita juu ya grini, na nyayo ya kiboko kwenye grini laini haizibwi kwa siku moja. Tuliwahi kupewa bango la kukataza kuingia. Mzee Komba alilisimamisha kwa heshima zote, limeelekea mtoni. Nyani nao waling'oa bendera wakakimbia nazo. Mara moja nilimfukuza mmoja mpaka kwenye miwa, akanigeukia, nikakumbuka kwamba bendera si yangu.

Mzee Komba alipofariki nilikabidhiwa kikosi. Katika kikosi hicho alikuwemo Shabani, ambaye ndiye hasa ninayetaka kuwaandikia.

Shabani alikuwa mtoto wa Mzee Athumani wa Kidodi, mkata miwa. Alianza kwa kubeba mikoba ya wachezaji, akawa kedi kama vijana wengi wa pale, halafu nikamchukua kuendesha mashine ya kukatia majani. Alipooa Mwajuma, binti wa Vidunda, tayari alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na heshima zake. Alikata mistari iliyonyooka kiasi kwamba nilitamani asimalize. Alasiri, kazi ikiisha, alicheza kwa fimbo alizoachiwa na mchezaji mmoja aliyehama. Hakucheza kwa nguvu. Alikuwa akisimama nyuma ya mpira muda mrefu, ametulia kama anayesikiliza redio ya jirani, kisha anaupiga, na mpira unakwenda pale alipokuwa akitazama. Aliujua kila mwinamo wa tisa ya chini kwa sababu ndiye aliyeinyoa. Akashinda mashindano ya makedi, akashinda ya mkoa, akapewa daraja la mchezaji wa kulipwa. Asubuhi iliyofuata alikuja kazini kama kawaida, kawahi kabla yangu.

"Sasa wewe profesheno," nikamwambia, "mashine utaendesha na glavu?"

"Mama, mashine haijui nimeshinda," akasema.

Wakati huo habari za kuupunguza uwanja zilikwisha kuanza. Miwa ilihitaji ardhi, na ardhi ya chini karibu na mto ndiyo nzuri. Kila mwaka wenye shamba waliuliza kwa nini majani mafupi yanakunywa maji kuliko miwa. Meneja wetu alikuwa mtu muungwana, anapenda mchezo. Ndiye aliyehangaika mpaka mashindano makubwa ya nchi yakaletwa kwetu, yale ambayo siku zote huchezwa mijini. Alituita wote, kikosi cha majani na makedi, akasema, "Wakubwa watakuja kuangalia. Uwanja ukipendeza nitakuwa na la kusema. Na akishinda mtu wa hapa, nitakuwa na la kusema zaidi."

Nadhani hakukusudia maneno yale yaende mbali. Lakini ilipofika jioni Kidodi nzima ilikuwa inajua: Shabani akishinda, uwanja unabaki. Makedi walikuwa wengi, na kila kedi ana nyumba nyuma yake. Kuanzia siku ile Shabani hakupita sokoni bila kushikwa bega.

Tuliuandaa uwanja kama bibi harusi. Nawaambia hili bila kujisifu kwa sababu hakuna kilichobaki cha kujisifia. Tulinoa, tulichekecha mchanga, tulimwagilia kwa kufuata jua, tulinyoosha kingo. Msimamizi wa mashindano, mwanamama mmoja mpole aliyekuja kutoka jijini, alizunguka nami siku nzima. Tulipofika kwa Mama Mkwe alisimama, akatazama dimbwi, akatazama mlima.

"Huu uwanja utaliza watu," akasema.

Ukaliza kweli. Siku ya kwanza wachezaji wakubwa, ambao picha zao nilikuwa nimeziona kwenye magazeti tu, walitoka kwenye tisa ya chini wakiwa wamekunja mashati na nyuso. Mmoja alipoteza mipira mitatu shimo moja, akakaa kwenye nyasi, akamuuliza kedi wake kama kuna basi la kurudi Morogoro jioni. Mwingine alilalamika kwamba grini zimenyolewa mno. Msimamizi akamjibu kwamba zimenyolewa sawa kwa wote. Siku ya pili upepo wa Vidunda ulikuja mapema, na mipira ikawa inasimama hewani, inafikiri, kisha inarudi. Nilikuwa nazunguka na reki kusawazisha vibonde vya mchanga vinavyotega mipira, na kila nilipopita nilikuta mtu mzima anaongea peke yake.

Shabani peke yake hakuongea. Alicheza kama mtu anayekwenda kazini. Pale wenzake walipolenga bendera, yeye alilenga mbali nayo, upande wa mlima, na mpira ukateremka wenyewe polepole mpaka karibu. Siku ya tatu jioni jina lake lilikuwa la kwanza ubaoni. La pili lilikuwa la Erasto, kijana wa Dar, mpigaji mwenye nguvu na adabu pia. Alikuwa akituamkia sisi wa kikosi kila asubuhi, na si wote walioamkia.

Siku ya nne shamba lilifungua geti. Watu wa Kidodi waliingia, wengi wao kwa mara ya kwanza, ingawa walikuwa wamepita kando ya ua ule tangu utotoni. Wakata miwa walikuja wakiwa bado na masizi shingoni. Akina mama walikuja na watoto na vikapu. Mzee Athumani alikuja kavaa kanzu ya Idi, kashika fimbo yake ya kutembelea, akasimama nyuma ya kamba karibu na grini ya mwisho tangu asubuhi, akisema hataki kutembeatembea, ataona pale mwanawe atakapomalizia. Watu walipiga kelele wasipotakiwa, wakanyamazishwa, wakapiga tena. Mpira ukianguka popote walishangilia. Msimamizi alicheka mpaka akafuta machozi.

Waliingia shimo la mwisho Shabani akiwa mbele kwa mkwaju mmoja tu, yaani kwa siku zote nne alikuwa amepiga mara moja pungufu ya Erasto.

Mimi nilikuwa ndani ya kamba, upande wa kulia, na reki yangu, kama nilivyoagizwa. Erasto akapiga, mpira ukakaa katikati ya njia iliyonyolewa. Shabani akapiga. Upepo ukausukuma kidogo, ukaanguka upande wangu, kwenye ukoka mrefu, hatua chache kutoka niliposimama. Nikaufuata kwa macho nikashukuru Mungu. Haukuzama. Ulikaa juu ya ukoka, umebebwa na majani, unaonekana mzima. Kutoka pale angeweza kulivuka dimbwi.

Akaja. Akanisalimia kwa macho. Akasimama nyuma ya mpira muda wake uleule. Kisha akasogea, akaiweka fimbo chini nyuma ya mpira, taratibu kama kawaida yake.

Ukoka ukasogea, na mpira ukashuka.

Ulishuka kiasi cha unene wa ukucha, pengine ukageuka kidogo. Erasto alikuwa upande wa pili wa njia. Refa alikuwa nyuma, anatazama umati. Kedi wake Shabani alikuwa kainama anachagua fimbo nyingine. Tulioona tulikuwa yeye na mimi, na mimi sikuwa na la kusema pale. Mtu wa reki hasemi.

Shabani akarudi nyuma hatua moja. Akainua mkono.

"Refa."

Refa akaja, kijana mwenye miwani. "Vipi?"

"Mpira umesogea."

"Umesogea vipi?"

"Nimeweka fimbo nyuma yake, majani yakasogea, ukashuka."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Refa akatazama chini, akatazama huku na huku. Niliona kabisa kwamba angependa kusikia neno jingine. "Kuna aliyeona?"

"Nimeona mimi," Shabani akasema. "Inatosha."

Basi, kwa sheria ya mchezo kwa aliyesogeza mpira wake, akaongezewa mkwaju mmoja, akaurudisha mpira pale ulipokuwa kabla haujashuka. Nyuma ya kamba watu waliulizana. Anafanya nini? Mbona hapigi? Mwenye kuujua mchezo aliwaeleza wenzake, nao hawakuelewa. Nilimwona Mzee Athumani anavuta kanzu ya mtu, anauliza, anajibiwa, anauliza tena.

Shabani akapiga. Sijaona mkwaju mwingine kama ule katika miaka yangu yote pale. Ulipanda kutoka kwenye ukoka, ukaupita upepo, ukavuka dimbwi, ukaanguka juu ya mgongo wa Mama Mkwe na kukaa. Watu waliruka. Mwanamke mmoja alitupa kikapu. Lakini Erasto naye akafika kwenye grini, wote wakausukuma mpira mara mbili mpaka shimoni, na ule mkwaju wa nyongeza ukawafanya walingane. Bila huo, kombe lilikuwa la Kidodi.

Msimamizi akatangaza warudi wacheze shimo lilelile tena, mpaka mmoja amshinde mwenzake.

Nilimwona Shabani anarudi kwenye mwanzo wa shimo. Alikuwa akitembea vizuri. Alipopita karibu nami nilisema, "Mwanangu, tulia," naye akasema, "Nimetulia, mama," na ilikuwa kweli. Wengi baadaye walisema alivunjika moyo. Hakuvunjika. Alipiga wa kwanza vizuri, katikati. Wa pili ulikuwa mzuri pia, ila upepo wa Vidunda ulikuja pale mpira ulipokuwa juu kabisa. Ukasimama. Nimesema upepo ule haupigi hodi. Mpira ukaanguka kwenye maji karibu na ukingo, bila kishindo kikubwa, kama jiwe la mtoto.

Erasto alishinda. Nakumbuka alivua kofia, akamkumbatia Shabani, akalia yeye, siyo mwenzake.

Wakati wa kutoa zawadi wageni walikaa chini ya turubai. Mwenyekiti wa mashindano alimsifu Shabani kuliko alivyomsifu mshindi. Alisema leo tumeona muungwana, alisema mchezo huu unaishi kwa watu wa namna hii. Chini ya turubai walipiga makofi mengi. Nje ya turubai, upande wa kamba, hapakuwa na sauti. Niligeuka. Watu wa Kidodi walikuwa wanaondoka kimya kimya kuelekea getini, wakata miwa mbele, akina mama nyuma, kama wanaotoka makaburini.

Kesho yake asubuhi Mzee Athumani alikuja stoo. Nilimwamkia, akaitika, akakaa juu ya mfuko wa mbolea.

"Mama Zena, wewe ulikuwa karibu. Niambie kwa haki ya Mungu. Mpira ulisogea?"

"Ulisogea, mzee."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha ukucha wangu wa kidole kidogo.

"Refa aliuona?"

"Hakuuona."

"Yule wa Dar?"

"Naye hakuuona."

"Sasa nani alimlazimisha?"

"Hakuna, mzee. Ndiyo sheria ya mchezo wao."

Akaitazama mikono yake, ile mikono yenye makovu. "Nimekata miwa tangu ujana," akasema. "Nimeona nyoka, nimeona moto, nimeona mtu kamkata mwenzake kwa bahati mbaya. Sijawahi kuona mtu mwenye panga mkononi anajikata mguu mwenyewe, kisha anapigiwa makofi."

Akainuka akaenda zake. Hakumtukana mwanawe, wala hakumfukuza. Alianza tu kukaa naye kama mtu akaavyo na mgeni, kwa salamu na karibu chakula, mpaka leo.

Laiti yangeishia pale. Baada ya muda barua ikaja kwamba tisa ya chini inalimwa miwa. Meneja aliniita ofisini, akasema, "Mama Zena, nimejaribu," akageukia dirisha. Ninaamini alijaribu. Pengine hata kombe lingekuja bado wangelima. Wanaojua mambo ya sukari wameniambia hivyo. Lakini nani wa kumweleza hayo kedi aliyerudishwa nyumbani? Kwake hesabu ilikuwa nyepesi: Shabani aliinua mkono, uwanja ukaondoka.

Kwanza walisema ni mjinga. Hilo lingevumilika. Halafu wakasema amehongwa. Nani asogeze mpira mwenyewe na kujishtaki mwenyewe, kama hakulipwa na watu wa Dar? Kila mtu alikuwa na binamu aliyemwona akipokea bahasha. Waliandika kwa mkaa kwenye mlango wake: MUUZA KOMBE. Mwajuma alikuwa anakaanga vitumbua na kuvipeleka barabarani asubuhi, na madereva wa malori ya miwa walikuwa wateja wake. Wakaacha. Vitumbua vilirudi nyumbani vimepoa, kila siku.

Nilijaribu kusema. Nilisimama kwenye mkutano pale Kidodi, nikasema, jamani, mimi nilikuwepo, mpira ulisogea, niliuona kwa macho yangu, yule mtu hajapokea kitu cha mtu. Mwanamke mmoja niliyekuwa nikizika naye na kuozesha naye watoto, tuliyepika naye wali wa harusi kwenye sufuria moja, akasema kwa sauti, "Nawe mlikula pamoja." Watu wakacheka. Nikakaa. Kwa hiyo mjue kwamba ushahidi wa kweli nao una siku zake.

Trekta zilipokuja niliombwa niwepo, nionyeshe mabomba ya maji yalipopita. Niling'oa bendera mwenyewe. Nilimshukuru Mungu kwamba Mzee Komba alikwisha tangulia. Jembe la trekta liliingia kwa Mama Mkwe kutoka upande wa mlima, likageuza udongo mweusi juu, na yale majani tuliyoyapapasa kwa mwanzi kila asubuhi kwa miaka yalikwenda chini kwa dakika chache, mizizi juu. Shabani alikuwa zamu siku ile. Nilimwambia arudi nyumbani. Alikataa, akasimama mpaka mwisho, kisha akaenda kuosha mashine yake, akaikausha, akaifunika, akaniletea ufunguo.

"Mama, kesho sitakuja."

"Utakwenda wapi?"

"Popote wasipojua gofu."

Mwajuma aliwachukua watoto, akapanda nao Vidunda kwa wazazi wake, kulima. Alisema ni kwa muda. Bado wapo huko. Shabani hakucheza tena. Meneja aliwaandikia watu wa klabu moja ya mjini habari zake, nao wakamtaka aje awe mwalimu, wakampigia simu. Aliwashukuru, akakata. Zile fimbo aliziacha stoo. Mkizikuta kwenye kona nyuma ya mapipa, ni zake. Msizitumie kuulia nyoka.

Mimi niliendelea na tisa ya juu mpaka nikastaafu, na ninyi mlikuja mkanikuta nimekuwa mwanamke mkali asiyependa watu wapige soga karibu na kamba. Sasa mnajua.

Nilipohamia hapa Mikumi, nilikuwa nikisikia kwamba Shabani yupo, anaziba pancha kando ya barabara kuu, pale malori ya Zambia yanaposimama. Nilichelewa kwenda. Nilijiambia nina kazi za nyumbani. Juzi nikaenda.

Alikuwa kakonda, ndevu zimeingia mvi. Aliponiona alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umestaafu, nimesikia. Hongera."

"Hongera ya nini, nimechoka tu."

Akacheka kidogo. Akanipa kiti, tairi lililowekewa ubao. Tuliongea habari za watu, nani kafa, nani kaoa, mvua za Vidunda. Nikamwambia mmenikumbusha niandike. Nikamwambia nitamwandika yeye, kwa sababu katika watu wote niliofanya nao kazi, yeye ndiye niliyetaka vijana wamjue. Kwamba nimekiambia kila kikosi kipya, bila kumtaja jina, kwamba mtu ni yule anayesema ukweli pale asipoonwa.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kwa sauti yake ileile ya taratibu, "Mama, usiwaambie hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ningerudi pale leo, ningenyamaza."

"Shabani."

"Ningenyamaza, mama. Ningepiga mpira wangu. Nimefikiri miaka yote hii, kila tairi ninalotoa nafikiri, na jibu ni lilelile. Wanangu wangekuwa kwangu. Baba angeniita jina langu. Ukucha, mama. Ulikuwa ukucha."

Nimewafundisha watu kunoa, kukata, kumwagilia, kunyamaza na kusema, na pale, kwenye tairi lile, nilitafuta neno moja la kumpa nikalikosa. Nilishika mkono wake. Aliniachia nikaushika.

Lori likaingia kwa kishindo, tairi la nyuma limekaa chini kabisa. Dereva akapiga honi, akapiga tena, akatoa kichwa dirishani akaita, "Fundi! Fanya haraka, nina safari!"

"Nakuja, kaka," Shabani akasema. Akautoa mkono wake taratibu, akachukua jeki, akalala chali akaingia uvunguni. Nikabaki nimesimama naitazama miguu yake imetokeza chini ya lori, kandambili moja imekatika.